Maneno Themanini ya Kusema

Tiszahegyes, Jumatatu, 9 Machi 1992

Nakubusu mkono, Shangazi Jolán!

Naapa kukueleza kila kitu kwa mpangilio, bila kuongeza chumvi na bila kuficha, hata pale nitakapoonekana mbaya. Baba anasema wewe peke yako katika ukoo wetu uliwahi kufundisha Kiingereza, kabla hawajakufunga mdomo, kwa hiyo sina mwingine wa kumwandikia.

Tarehe 16 Mei tutapokea wageni kutoka Uingereza, kwa sababu mji wao na wetu imefanywa kuwa ndugu. Watasimama uwanjani kwetu, na mwanafunzi mmoja atawahutubia kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyo ni mimi, Shangazi! Mama ameshanunua kitambaa cheupe cha blauzi.

Mwalimu wetu ni Bi Csatári. Mpaka juzi juzi alikuwa mwalimu wa Kirusi. Kirusi kilipoacha kuwa lazima, walimu wake wote waliambiwa wajifunze lugha nyingine au watafute kazi nyingine. Sasa kila Ijumaa baada ya vipindi anapanda treni kwenda Szeged kusoma Kiingereza, na Jumatatu anatufundisha alichokisoma Ijumaa. Yuko somo moja mbele yetu. Akipata mafua tunakuwa sawa.

Kwa ajili ya hotuba ametupa orodha ya maneno themanini ya kusema: kunena, kunong'ona, kuhutubia, kutoa mhadhara, kuropoka na mengine. Ameipiga taipu mwenyewe, Kiingereza kushoto, Kihungari kulia. Tunaitwa ubaoni mmoja mmoja na kuyakariri kama tulivyokuwa tukikariri ya Kirusi, mikono nyuma. Nimeyashika yote. Lakini tangu Septemba sijawahi kusema sentensi moja ya Kiingereza iliyotoka kichwani mwangu. Nikienda Uingereza nitaweza kuwatajia namna themanini za kusema, na sitaweza kuomba chumvi.

Tena kuna jambo. Nina kamusi ndogo ya Baba. Kuanzia neno la arobaini na moja kamusi na orodha hazipatani. Neno ambalo kamusi inasema ni kuhubiri, orodha inasema ni kugugumiza. Mhadhara umekuwa uropokaji. Na la themanini, kuomba radhi, halina mwenzake: upande wa kulia uko wazi.

Naambatisha nakala. Ni kamusi iliyokosea, au ni mwalimu?

Mpwa wako akupendaye,
Emőke

*

Budapest, 13 Machi 1992

Emőke mwanangu,

Nimeisoma orodha yako nimesimama, na chai ikapoa.

Kamusi haijakosea. Huyo mwalimu wako amepiga taipu safu ya kushoto kwanza, kisha ya kulia, na kwenye arobaini na moja ameruka neno moja. Kuanzia hapo kila neno limeolewa na mume wa jirani. Nimesahihisha yote arobaini kwa wino mwekundu. Yeye mwenyewe hakuona! Angeona vipi? Ameyajua maneno haya tangu Ijumaa.

Watu hawa walitulisha Kirusi miaka arobaini. Mimi nilifundisha Kiingereza hapo hapo Tiszahegyes, katika shule ya wasichana, na mwaka 1949 niliambiwa lugha yangu ni ya maadui. Sasa upepo umegeuka, na haohao wamegeuka nao, na kesho ukigeuka tena watafundisha Kichina. Mtu anayefundisha hivi afadhali achunge bata bukini. Bata hawamwulizi mchungaji cheti.

Sikiliza. Usimpelekee karatasi hii kichochoroni. Usinong'one. Simama useme mbele ya wote. Mimi nilinyamaza nilipotakiwa kusema, na tazama, nina miaka sabini na bado koo linaniwasha.

Kula vizuri, unasoma sana.

Shangazi Jolán

*

Tiszahegyes, 20 Machi 1992

Nakubusu mkono, Shangazi!

Nimesimama. Nimesema. Na sasa nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Sikujua kwamba Jumatano mkuu wa shule angeingia darasani na mkaguzi kutoka mkoani. Waliketi nyuma, chini ya ramani. Mwalimu alikuwa amevaa koti lake la bluu. Alimwita Gyöngyvér ubaoni, binti wa daktari wa mifugo, naye akaanza kukariri kutoka arobaini na moja. Kila neno lililotoka lilikuwa baya, na Mwalimu alikuwa akiitikia kwa kichwa: vizuri, vizuri, endelea.

Nikainua mkono.

"Emőke, utaitwa zamu yako ikifika."

"Samahani, Mwalimu, lakini nusu ya orodha ni makosa."

Mkaguzi akauliza, "Makosa gani, binti?" Nikasoma karatasi yako. Nilipofika kwenye kuhubiri na kugugumiza, watu wakaanza kucheka. Mkaguzi akasema, "Na huyu aliyesahihisha anasema nini hapo pembeni?" Shangazi, kwenye nakala ulikuwa umeandika tena ile ya bata bukini, pembeni. Niliisoma. Ningeweza kuiruka, na sikuiruka. Nimeapa kusema kila kitu, kwa hiyo nasema na hili: nilipoisoma nilijisikia mrefu.

Bi Csatári alikuwa mweupe kama chaki. Akaja, akachukua karatasi mkononi mwangu, akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Leta kitabu chako cha taarifa."

Ameniandikia moja, alama ya mwisho kabisa, mimi ambaye sijawahi kushuka chini ya tano, iliyo ya juu kabisa! Na chini yake: "Amekosa adabu mbele ya wageni. Hatatoa hotuba." Hotuba amepewa Gyöngyvér, ambaye akisimama mbele ya watu anashikwa na kwikwi. Mama ilimbidi atie sahihi. Nilidhani atanitetea. Alisema, "Ulikuwa na haki, ukampiga mtu nayo usoni," akaenda kukanda unga.

Kumbe kusema kweli ni kukosa adabu? Nilisema kweli! Kila neno nililosema liko kwenye kamusi! Na sasa wavulana wa kidato cha tatu wanalia "gaa, gaa" kama bata kila Mwalimu anapopita kwenye ukumbi, na mimi wananipigapiga mgongoni kama farasi aliyeshinda.

Tafadhali mwandikie. Wewe ni mtu mzima, atakusikia.

Emőke

*

Budapest, 25 Machi 1992

Kwa Bi Csatári Lajosné, Mwalimu
Tiszahegyes

Bibi,

Mimi ni shangazi wa mwanafunzi wako Barta Emőke, na wino mwekundu uliokukasirisha ni wangu.

Mtoto amekuonyesha makosa arobaini, nawe ukamwadhibu kwa kuwa na macho. Katika wakati ule tunaojidai umekwisha, hivyo ndivyo ilivyokuwa: mwenye kosa alikaa kitini, na aliyeliona alisimama kona. Naona viti vimebadilishwa rangi tu.

Nadai mambo mawili. Kwanza, ile moja ifutwe. Pili, hotuba irudishwe kwa Emőke. Kama huna Kiingereza cha kutosha kufundisha, hilo si kosa la mtoto. Mwalimu aliyeitwa kufundisha asichokijua ana njia ya heshima, nayo ni kukataa.

Pálfy Gézáné, mjane

*

Tiszahegyes, 3 Aprili 1992

Kwa Bi Pálfy Gézáné
Budapest

Bibi,

Umeniandikia kwa jina la mume wangu, kama ilivyo desturi yetu, nami nakujibu kwa jina la mume wako. Mwanamke akiolewa huku kwetu anaandikwa mke wa fulani, jina lake linamezwa, na watu wawili wanaofahamiana wanaweza kutukanana kwa barua bila kujua. Mimi lakini nilikujua tangu ile Jumatano. Kina Barta mjini hapa ni wengi kama kunguru, sikuwahi kumhusisha mtoto nawe. Ila msalaba unaouweka juu ya herufi t, mrefu kama boriti ya paa, nilijifunza kuandika kwa kuutazama huo.

Naambatisha karatasi. Ni nakala, ya asili nimebaki nayo. Utauona mwandiko wako: orodha ya maneno ya Kirusi ya kusema, Oktoba 1949, darasa la tano. Safu ya kushoto ina makosa tisa. Masahihisho ya penseli ni yangu. Mama yangu alitoka ng'ambo ya milima ya Karpati, na lugha ya nyumbani kwao na Kirusi ni mtu na binamu yake. Wewe ulikuwa na kozi ya wiki sita. Ulikuwa somo moja mbele yetu. Ukipata mafua tulikuwa sawa.

Mwaka mzima nilikuwa nikiweka karatasi namna hii ndani ya daftari lako la mahudhurio wakati wa mapumziko, darasa likiwa tupu. Mwaka mzima uliingia siku ya pili ukasema, "Watoto, jana niliwajaribu kuona kama mnasikiliza." Hakuna aliyejua. Chini ya karatasi hii utasoma ulichoniandikia uliponirudishia: "Asante, Valika. Mungu akulipe."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Emőke ana kumi na sita. Yeye nani alimfundisha?

Unasema mwalimu ana njia ya heshima, nayo ni kukataa. Wewe hukukataa. Nami nilikupenda, na kwa sababu yako nikawa mwalimu wa Kirusi. Miaka thelathini na mbili, Bibi. Bata ningewachunga kwa amani zaidi.

Mkaguzi atarudi Mei. Nimebakiza mwaka mmoja kufika pensheni, na akiniandikia vibaya sitaumaliza. Makosa arobaini ni yangu, nayakubali. Usiku ule wa kupiga taipu mume wangu alikuwa hospitali. Sisemi hili ili unihurumie. Nasema ili ujue lile neno la arobaini na moja lilipotelea wapi.

Ile moja sitaifuta.

Csatári Lajosné,
yaani Dudás Valéria, dawati la pili, dirishani

*

Tiszahegyes, 21 Aprili 1992

Nakubusu mkono, Shangazi.

Mwezi mzima na hujaandika! Mwalimu alipata barua yako, najua, kwa sababu mwenye posta ni mama yake Gyöngyvér na hawezi kuzuia ulimi. Sijui ulimwambia nini. Hajabadilisha chochote. Ametoa orodha mpya, iliyo sahihi, bila kusema neno. Hanitazami. Akiita majina, langu analiita kama mtu anayeruka dimbwi.

Jana ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, wavulana wakapita nyumba kwa nyumba kuwamwagia wanawake maji na marashi, kama kawaida. Walifika kwetu kama saa tano, wakiwa wavulana sita, wameshakunywa kwa kina jirani. Nilikuwa na kapu la mayai ya kuwatuza, niliyoyapaka rangi mwenyewe.

"Shujaa wetu!" wakasema. "Njoo usikie shairi tuliloghani kwa Csatári!"

Kwani walikuwa wameenda kwake. Walisimama getini kwake na kughani hivi:

*Mama wa bata bukini,*
*maji tunakumwagia;*
*maneno yako themanini*
*mkiani yamepotea.*

"Akafanyaje?" nikauliza.

"Akatugawia mayai! Kila mtu yai moja, na skonzi. Akasema, 'Asanteni, wanangu, Pasaka njema.' Hakuelewa, bata yule!"

Shangazi, alielewa. Ni mwalimu wa lugha. Alielewa kila neno, akawapa mayai.

Sikuwapa yai hata moja. Nilifunga mlango, wakabaki nje wakinitukana kwa mzaha, kisha bila mzaha. Mama akaniuliza kinachoniliza, na sikuweza kumwambia, kwa sababu nilikuwa nina hasira na sikujua nimshike nani nayo. Mwalimu aliyeninyang'anya hotuba? Wavulana? Maneno ya bata hawakuyatunga wao. Niliyasoma mimi. Na aliyeyaandika, akanipa niyasome, ni wewe.

Mbona uko kimya? Ulinifundisha kusema. Sema basi.

Emőke

*

Budapest, 27 Aprili 1992

Emőke,

Barua hii nimeianza mara nne.

Baba yako alikwambia kwamba walinifunga mdomo. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, naye alikuwa mdogo, akaamini. Haikuwa hivyo. Hawakunifunga. Waliniambia: Kirusi au barabarani. Nikachagua Kirusi. Nilifundisha mwaka mmoja na nusu, kwa kozi ya wiki sita, kisha nikaolewa nikakimbilia Budapest kupiga taipu katika ofisi ya kiwanda, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Miaka arobaini nimewachukia walimu wa Kirusi. Ni rahisi kumchukia mtu ukiwa umesahau kwamba ulikaa kwenye kiti chake.

Kulikuwa na mtoto darasani aliyejua kuliko mimi. Angeweza kunimaliza kwa kuinua mkono mara moja tu. Mwaka ule watu walipoteza kazi kwa madogo kuliko hayo. Hakuinua. Alikuwa akiniachia karatasi ndani ya daftari, kwa penseli, ili nifute baada ya kusoma.

Mtoto huyo, niliyemwita Valika, ni mwalimu wako.

Sikujua, kwa sababu ya jina la ndoa. Lakini naona haya kusema "sikujua". Kwani angekuwa mtu mwingine ndiyo ingekuwa halali? Nilikutuma wewe, mtoto, ukapigane vita vyangu na mtu nisiyemjua, nami nimekaa Budapest na chai yangu.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imefungwa. Ni ya kumwomba radhi. Tafadhali mpe mkononi, darasa likiwa tupu.

Shangazi yako

*

Tiszahegyes, 6 Mei 1992

Nakubusu mkono, Shangazi Jolán.

Bado nina hasira. Nakuambia mapema, usije ukaitafuta katikati ya mistari.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilitupa kamusi ukutani, jalada likang'oka. Uliniambia "usimpelekee kichochoroni, usinong'one". Na wewe mwenyewe uliishi kwa karatasi za kichochoroni mwaka mzima! Matusi tuyasome mbele ya mkaguzi, na msamaha upelekwe darasa likiwa tupu? Hapana, Shangazi.

Jana kipindi kilipoanza nilisimama. Mwalimu akasema, "Keti, Emőke." Sikuketi. Nikasema, "Machi nilisoma hapa makosa arobaini, na hiyo ilikuwa haki yangu. Kisha nikasoma tusi, na hiyo haikuwa haki yangu. Naomba radhi, mbele ya hawahawa waliocheka." Mtu mmoja nyuma akalia "gaa". Nikageuka nikamwambia, "Na wewe, Szabolcs, neno la hamsini na mbili ni lipi? Hulijui? Basi funga mdomo, bata ni wewe." Darasa likacheka, safari hii upande mwingine.

Mwalimu alisema tu, "Keti." Akaendelea na somo. Nilidhani yamekwisha hivyo, nikakasirika upya.

Lakini wakati wa mapumziko nilikuta karatasi ndani ya kitabu changu cha taarifa. Ni hotuba ya kuwakaribisha wageni, imepigwa taipu, na pembeni kwa penseli: "Aya ya pili sina hakika nayo. Nirekebishie." Nilikaa dirishani nikarekebisha mahali pawili, kwa penseli. Pa tatu nami sikuwa na hakika napo, nikaandika hivyo. Nikamrudishia ndani ya daftari la mahudhurio.

Leo amenisimamisha kwenye ngazi. "Mkaguzi atakuwepo tarehe kumi na sita," akasema. "Nitafungua mimi, sentensi sita, kwa sababu mwalimu asiyethubutu kusema hawezi kumdai mtoto aseme. Zilizobaki ni zako. Gyöngyvér amekubali."

Gyöngyvér hakukubali, Shangazi, alinikumbatia! "Chukua, Emő, chukua! Kwikwi hainiachi tangu Machi!"

Nikamwuliza Mwalimu, "Na ile moja?"

"Ile inabaki. Uliistahili."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema, na nilitaka kupiga ukuta teke. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nami nina ya kwangu, alinipa mkaguzi. Tutazibeba wote wawili." Kila siku baada ya vipindi tunasoma kwa sauti, mimi na yeye, darasani, madirisha wazi. Hajawahi kumsikia Mwingereza akiongea ana kwa ana, hata mara moja. Mimi pia.

Bahasha yako sikuifungua na sikumpa. Nimeiweka ndani ya hii, inarudi kwako. Nakupenda, lakini sitakubebea tena maneno yako, si mabaya wala mazuri. Ulipokuwa mwalimu hapa ulikuwa na sauti, Baba anasema ilisikika mpaka kanisani. Treni ya asubuhi inafika Tiszahegyes saa nne kasoro, na wageni wanaanza kupokewa saa tano. Mama atakuwa stesheni, ameshapika tambi tamu za mbegu za mpopi kichwani mwake. Nimekuwekea kiti safu ya mbele, karibu na mkuu wa shule. Kwenye kiti nimeandika Barta Jolán, Mwalimu, maana sijui ungependa kukalia jina gani.

Nijibu kwa posta ya kurudi, hata kwa neno moja: utakuja? Na Mwalimu atakaposhuka jukwaani na kusimama mbele yako, mbele ya wote, utamwita Bi Csatári, au utamwita Valika?

Emőke